Kuchagua Msumeno wa Zege, Kutoka Iyunga Hadi Ipogolo

Siku niliyoanza kazi, pale Iyunga, Mbeya, kando ya barabara kuu, nilikuwa najua jambo moja tu kuhusu zege: ukitaka liondoke, unalipiga mpaka mmoja wenu achoke. Nilikuwa nimeteremka kutoka Rungwe na nguvu zangu za kubeba mikungu ya ndizi. Kampuni ya ujenzi iliyoniajiri ilinipa nyundo kubwa, tindo, na sakafu ya gereji kuukuu. Tulitakiwa kupasua mfereji wa bomba katikati ya sakafu hiyo bila kuharibu pembeni. Tulipiga asubuhi nzima, na pembeni kukaharibika. Nyufa zilikimbia kila upande mpaka zikafika chini ya ukuta.

Foremani akaja kututazama. Alikuwa Mkinga mfupi, mpole wa sauti, mwenye koti la mvua ambalo alilivaa hata jua likiwaka. Sisi sote tulimwita Foremani, na nilikuja kusikia kwamba hata mkewe alimwita hivyo hivyo. Aliziangalia zile nyufa, hakugomba.

"Wekeni nyundo chini," alisema. "Mtawabomolea watu gereji yao."

Akatoa kwenye gari mashine ya petroli iliyofungwa diski nyembamba ya chuma, pana kama sinia. Akaunganisha mpira wa maji, akavuta kamba, mashine ikanguruma, akaishusha. Nilitegemea vipande viruke usoni mwetu. Badala yake diski ilizama ndani ya zege polepole, kama kisu kinavyozama kwenye ugali uliopoa, na tope jeupe likawa linatiririka pembeni. Alikata mstari wa kwanza, akakata wa pili sambamba nao, kisha akatuambia tung'oe kipande cha katikati kwa mtaimbo. Kilitoka kizima kama mkate unavyotoka kwenye kopo.

Nilipiga magoti nikagusa ubavu wa lile zege. Kokoto zilikuwa zimekatwa nusu, kila moja kwa rangi yake, nyeusi, kijani, nyekundu ya kutu. Jiwe ambalo nyundo yangu ilishindwa hata kulikwaruza lilikuwa laini kama sabuni iliyolowa.

"Unaona nini?" Foremani aliniuliza.

"Naona ndani ya jiwe, Foremani."

"Wewe ndiye mtu wa kwanza kulitazama humo tangu Mungu aliumbe," alisema, akaanza kukunja mpira wa maji. "Kesho usishike nyundo. Utakuja kwangu."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye ukataji wa zege. Ninyi vijana mnaoshika misumeno leo mmeikuta ipo, na hamshangai. Mimi nilishangaa siku ile na sijaacha kushangaa mpaka nimestaafu.

Jambo la kwanza Foremani alilonifundisha ni kwamba msumeno wa zege haukati. Msumeno wa mbao una meno yanayokata nyuzi. Diski ya zege ina vipande vya chuma vilivyobandikwa ukingoni, tuliviita meno kwa mazoea tu, na ndani ya kila kipande kumechanganywa punje za almasi ndogo kama mchanga. Almasi hizo ndizo zinazolisaga jiwe. Kile chuma kinachozishikilia kazi yake ni kulika taratibu, ili almasi iliyochoka idondoke na nyingine kali ijitokeze nyuma yake. Diski nzuri, alisema, ni ile inayokubali kufa kidogo kidogo.

Hapo ndipo mafundi wengi wanapopotea. Wanadhani zege gumu linataka diski ngumu. Sivyo. Tulipotumwa Mgololo, kwenye karakana ya mkandarasi mmoja jirani na kiwanda cha karatasi, tulikuta sakafu ya zamani iliyomwagwa kwa kokoto za mtoni, zile nyeupe zinazotoa cheche ukizigonganisha. Tulifunga diski iliyokuwa imetufanyia kazi nzuri Mbeya. Ikaingia kidogo, halafu ikaanza kulia sauti nyembamba kama mbu, ikawa inazunguka tu bila kushuka. Foremani alizima mashine, akangoja isimame kabisa, akapitisha kidole ukingoni.

"Gusa," aliniambia.

Ilikuwa laini kama sahani ya kaure. Zile kokoto ngumu hazikutoa mchanga wa kukila kile chuma, kwa hiyo almasi butu zilibaki palepale zinasugua bure. Akaniagiza nilete tofali bovu la mchanga, lile linalomong'onyoka mkononi. Tukalikata hilo tofali mara kadhaa, likakila chuma, almasi mpya zikafunguka, na diski ikarudi kazini kwa muda. Kisha akaibadilisha kabisa, akafunga yenye chuma laini.

"Zege gumu, diski laini," alisema. "Zege laini, diski ngumu. Kariri hata kama kichwa kinakataa."

Kichwa changu kilikataa mpaka tulipopelekwa Usangu, bondeni kwenye joto, kukata sakafu mpya ya ghala la mpunga. Kule kazi ilikuwa kinyume. Zege likikauka hujikunyata, na sakafu kubwa ikijikunyata lazima ipasuke mahali. Fundi haizuii kupasuka, anaichagulia pa kupasukia. Ndiyo maana mnaona mistari iliyonyooka kwenye sakafu za maghala na vituo vya mafuta. Inakatwa zege likiwa bado bichi, na zege bichi limejaa mchanga uliolegea unaokula diski kama msasa, kwa hiyo pale inatakiwa diski yenye chuma kigumu. Ukiwahi sana, kokoto zinang'oka na mstari unakuwa na pengo kama mdomo wa mzee. Ukichelewa, sakafu inapasuka yenyewe inapotaka.

Foremani alikuwa anachuchumaa, anakwaruza sakafu kwa msumari, anasikiliza. Anakwaruza tena. Tukasubiri tumesimama na msumeno wa kusukuma, ule wenye magurudumu ambao fundi anatembea nyuma yake kama anayelima na maksai. Mwishowe akasema, "Sasa." Tukakata mistari yote bila kupumzika, kina cha robo tu ya unene wa zege.

Kesho yake asubuhi akaniita nilale kifudifudi, niweke sikio sakafuni. Nililala. Ghala lilikuwa tupu na kimya. Baada ya muda nikasikia chini yangu, tk, mbali kidogo. Halafu tk nyingine. Sakafu ilikuwa inapasuka, na kila ufa ulikuwa unateremka ndani ya mstari tuliouchora, hautoki nje yake. Niliinuka nikazunguka ghala zima nikitafuta ufa uliokaidi. Sikuuona. Mpaka leo sijui namna ya kueleza nilivyojisikia, isipokuwa kwamba nilivua kofia.

Kuhusu mashine zenyewe nitasema kwa ufupi. Grinda, ile ndogo ya umeme inayoshikwa mkononi, ni ya mifereji ya nyaya ukutani na kazi ndogondogo. Msumeno wa petroli wa mkononi ni wa saiti isiyo na umeme, lakini ujue kwamba Mbeya hewa ni nyepesi kuliko pwani, na mashine iliyorekebishwa Dar es Salaam ikifika huku inakohoa moshi mweusi mpaka uirekebishe kabureta. Usiiwashe ndani ya chumba, moshi wake unaua. Wa kusukuma ni wa sakafu na barabara. Kuna wa ukutani unaotembea juu ya reli, na wa waya wenye shanga za almasi unaozungushwa kwenye nguzo nene ambazo hakuna diski ya kuzimaliza. Na kumbukeni kwamba diski haikati nusu ya upana wake, kwa sababu katikati kuna ekseli na vikombe vya kuibana. Hesabu theluthi, ikizidi kidogo shukuru. Ya inchi kumi na nne inakupa inchi tano hivi.

Halafu kuna ule wa haidroliki. Huu hauna injini wala waya wa umeme mkononi mwako. Pampu inakaa mbali, inasukuma mafuta mazito kupitia mipira miwili, na nguvu ya mafuta hayo ndiyo inayozungusha diski. Mafundi wengi hawajawahi kuugusa, na mimi mwenyewe nilidhani ni wa kukatia ndani ya maji tu, kwenye mifereji na mabwawa. Nilikuja kujua zaidi Iringa.

Foremani alistaafu kwa sababu ya kifua. Miaka yake ya mwanzo, kabla sijamjua, walikuwa wanakata kavu, bila maji, na vumbi la mawe likiingia kwenye mapafu halitoki. Alirudi Makete, na kila nilipokwenda kumwona alikuwa anakaa kwenye baridi nje kwa sababu ndani, alisema, hewa haimtoshi. Nawaomba sana, kateni na maji. Pale maji yasipowezekana, fungeni barakoa ya kweli, si kitambaa.

Mimi nikahamishiwa Iringa kuongoza kikosi cha ukataji. Mkubwa wangu alikuwa Injinia wa Saiti, mwanamke kijana aitwaye Neema, binti wa Kibena, mrefu, anayetembea haraka na kuongea polepole. Mwenzangu alikuwa Lusajo, fundi mwenye familia yake, hodari wa pampu na injini. Tulikuwa tunakata ukuta wa mfereji wa umwagiliaji nje kidogo ya mji, tumesimama ndani ya maji mpaka magotini, na ndiyo maana siku ile tulikuwa na msumeno wa haidroliki kwenye gari. Isingekuwa hivyo, nisingekuwa na la kuwasimulia.

Ilikuwa asubuhi ya baridi. Lori la mafuta lilikuwa limepeleka mzigo mjini na kubakiza petroli kwenye chumba kimoja cha tenki. Likiteremka kutoka mjini kuja Ipogolo, breki zikakataa. Dereva alijitahidi kulikwepesha watu, akalielekeza pembeni, likagonga nguzo za kibaraza cha safu ya maduka. Dereva alitoka akichechemea. Lakini kibaraza kile kilikuwa kimeezekwa kwa zege, na nguzo zilipoondoka slabu ile nzima ilishuka. Upande mmoja ulilalia bodi ya lori, upande wa pili ukabaki umeegemea msingi wa ukuta. Chini yake, kwenye nafasi ya kuingia mbwa, alikuwa Mama Yustina, fundi cherehani aliyekuwa anashonea kibarazani kila siku.

Simu ilimfikia Injinia tukiwa mferejini. Alisikiliza, akasema, "Pakieni kila kitu." Tukapakia.

Tulipofika, zimamoto walikuwa wamekwisha mwaga povu jeupe chini ya tenki lote na kusukuma watu mbali. Petroli ilikuwa inavuja, si kwa kumiminika, bali kwa kudondoka. Harufu yake ilikuwa kila mahali. Kamanda wa zimamoto, baba mmoja mnene mwenye sauti ya kwaya, alimweleza Injinia bila kupoteza neno. Jeki wamejaribu, lakini slabu ikiinuka lori linasogea, na lori likisogea tenki linapasuka zaidi. Kreni ipo mbali, haitafika mapema. Mama yupo hai, anaongea, ila mguu mmoja umebanwa na miguu yenyewe haisikii vizuri.

Kijana mmoja wa dukani akaja mbio na grinda, waya unaburutwa nyuma yake. Kamanda alimzuia kwa mkono mmoja.

"Cheche moja tu," alisema, "tunaondoka wote na mama."

Injinia alikuwa anazunguka slabu, anainama, anapima kwa macho, anachora kidogo kwa chaki na kufuta. Akanigeukia.

"Mzee Ambakisye, nitakuonyesha pa kukata. Wewe niambie tunakata na nini."

Sijawahi kuchagua msumeno kwa hofu kama siku ile. Grinda ya umeme inatoa vicheche ndani ya mota yake kila inapozunguka, hata bila kugusa kitu. Msumeno wa petroli una bomba la moshi la moto. Ule wa haidroliki ukiwa peke yake ni chuma na mafuta tu, hauna kitu cha kuwaka mkononi, mradi pampu yake yenye injini ikae mbali, upande upepo unakotokea. Na diski lazima iwe ya almasi. Ile ya msasa ya kukatia chuma, ikigusa nondo ndani ya zege, inatoa mkia wa moto. Ya almasi ikifunikwa na maji mengi inazisaga nondo zikiwa baridi.

Nilimwambia hivyo, yeye na Kamanda. Kamanda alifikiri.

"Maji kiasi gani?"

"Yote uliyonayo."

Alitoa kipimo chake cha gesi, akakipitisha juu ya slabu, chini yake, kando ya lori. Aliwaagiza vijana wake waongeze povu, wakaongeza. Akapima tena. "Nitasimama hapa na hiki," alisema. "Nikipiga filimbi, unaacha msumeno ulipo na unaondoka. Huulizi."

Lusajo aliipeleka pampu nyuma ya kona ya maduka, upande wa upepo, akaunganisha mipira yote tuliyokuwa nayo mpaka ikafika. Akaniletea diski mpya. Nikairudisha. Diski mpya bado almasi zake zimefunikwa, inasita mwanzoni, na sikutaka kusita kokote. Nikaomba ile ya inchi kumi na sita iliyokuwa imekula ukuta wa mfereji tangu alfajiri, kwa sababu ilikwisha funguka, na kwa sababu slabu ilikuwa nene kuliko ya inchi kumi na nne inavyoweza kumaliza. Nikaining'iniza kidoleni, nikaigonga kwa mpini wa mbao. Ililia vizuri, ikimaanisha haina ufa. Nikaangalia mshale wa mzunguko, nikafunga.

Injinia naye alikuwa na fumbo lake. Slabu ile ilikaa kama daraja, imeshikwa ncha mbili. Ukilikata daraja katikati linainama, na likiinama mdomo wa juu unafumba na kuibana diski. Alipanga magogo na jeki za chini pande zote mbili za mstari wake, hazikuinua kitu, zilishika tu uzito palepale ulipo. Mstari wenyewe aliuchora kutoka ukingo hadi ukingo. Hakutaka dirisha la pembe nne, kwa sababu diski ni duara na pembeni lazima ipitilize alama ndipo imalize chini. Kupitiliza alama pale kulikuwa ni kumpitilizia mama.

Niliinama kwenye uwazi nikaona uso wake. Mwanamke wa makamo, kilemba kimechafuka vumbi, macho makavu.

"Kamwene, mama," nilimsalimu kwa Kihehe changu cha kuokoteza.

"Kamwene. Wewe si Mhehe."

"Hapana mama, mimi Mnyakyusa."

"Nilijua tu, umeinyonga salamu." Akapumua. "Huo msumeno wenu unajua pa kuishia?"

"Mimi najua, mama. Wenyewe unanifuata."

"Haya baba. Ila pale mkononi kwangu kuna gauni la kipaimara la mtoto wa watu. Msiliroweshe."

Injinia Neema alilala kifudifudi kwenye povu, akaingiza mkono, akalichukua lile gauni, akalipitisha nyuma kwa askari wa zimamoto. Kisha akamfunika mama kwa turubai, kwa sababu tope la zege linaunguza ngozi. Nilidhani angetoka. Hakutoka. Alibaki amelala pale, bega na kichwa chini ya zege, mkono begani kwa mama.

"Injinia, toka huko," Kamanda alisema.

"Nani atamwambia mzee diski imetokea?" alijibu. "Kutoka juu haoni. Anzeni."

Niliwahi kuwaona wakubwa wengi wakitoa amri. Yule alitoa amri akiwa amejiweka chini ya kitu anachoamuru kikatwe. Niliinua mkono, Lusajo akafungua mafuta, msumeno ukaamka mikononi mwangu bila ngurumo, ukiwa na mlio mzito tu wa kuzunguka. Mabomba ya zimamoto yakanimwagia maji mpaka sikuona viatu vyangu.

Nilikata kwa kupita mara nyingi, kila mara kina kidogo. Usiulazimishe msumeno, uache uzito wake ufanye kazi. Nilikuwa nasoma tope. Likiwa la kijivu upo kwenye zege. Likigeuka jeusi na mikono ikaanza kutekenywa, umegusa nondo, hapo unapunguza mkono zaidi na kuomba maji zaidi. Niligusa ya kwanza. Nilimwangalia Kamanda, yeye alikuwa anaangalia kipimo, filimbi mdomoni. Hakupiga. Nondo ikapita. Hapakuwa na hata nukta ya mwanga. Chuma kigumu kama kile kilikuwa kinakatika ndani ya maji kwa upole, na petroli inadondoka hatua chache kutoka hapo, na mimi nilikuwa nasikia wanawake wa sokoni mbali wakisali kwa sauti ya chini.

"Bado," Injinia alikuwa anaita kutoka chini. "Bado. Mama anauliza kama maji yanaweza kuchemshwa kwanza."

"Mwambie yanakuja ya chai," nilijibu.

"Anasema utie na tangawizi. Bado. Bado... taratibu, Mzee, taratibu. Imetokea! Imetokea, sogea mbele."

Nikasogea. Tukaenda hivyo, yeye akiwa macho yangu, mpaka ukingo wa pili. Mwishoni slabu iliguna, sauti moja nzito iliyonipanda kutoka kwenye nyayo. Magogo yakaishika. Mdomo wa mkato haukufumba. Ulibaki wazi, sawa sawa, upana wa diski, kutoka mwanzo hadi mwisho, na mwanga wa asubuhi ukapita ndani yake na kuangukia turubai.

Kipande cha upande wa mama sasa kilikuwa huru, hakina habari tena na lori. Askari wa zimamoto na sisi tulikiinua kwa jeki kidogo kidogo, kisha kwa mikono, tukakiweka kando. Hapo ndipo tulipoona kilichomweka hai. Ilikuwa cherehani yake. Ile meza ya miguu ya chuma, ya kukanyaga, ilikuwa imesimama wima katikati ya kifusi, na upande ule wa slabu ulikuwa umeikalia. Kanyagio ndilo lililokuwa limembana mguu. Kamanda alivua kofia yake ngumu, akaishika mkononi, akaitazama ile cherehani kama mtu anayeangalia altare. Kelele za vigelegele zilianza baadaye, mbali, walipoona machela.

Mama Yustina alipopita mbele yangu aliinua kichwa. "Mnyakyusa," alisema, "asante. Jifunze salamu."

Mguu wake ulivunjika mfupa, ukapona, anachechemea kidogo siku za baridi. Gauni alilimalizia kwa mkono, hospitali. Petroli ilinyonywa ikahamishwa na lori likavutwa bila kuwaka. Nilimkuta Injinia amekaa kwenye ngazi ya duka, amefunikwa blanketi, kikombe cha chai mikononi.

"Uliogopa, Injinia?"

"Bado naogopa, Mzee. Ngoja nimalize chai."

Nilirudi peke yangu kuangalia mkato. Ncha za nondo ziling'aa kwenye ubavu wa zege kama vifungo vipya vya shati. Niliweka kiganja pale. Zege lilikuwa baridi kabisa, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nilifanya kazi miaka mingine baada ya hapo, kwenye mahospitali, madaraja, shule, na sasa nimestaafu, nipo nyumbani Iyunga. Mitetemo ya misumeno imeniachia zawadi yake. Asubuhi za kipupwe vidole vyangu vinakuwa vyeupe na havisikii kitu, mke wangu ananifungia vifungo. Fundi mwenye akili anapumzisha mikono, anavaa glavu, anabadilishana zamu na mwenzake. Sikio la kulia nalo linanisikilizisha mluzi ambao haupo. Sinung'uniki. Nimetazama ndani ya mawe mengi kuliko watu wengi wanavyotazama ndani ya vitabu, na kila moja lilikuwa jipya.

Lusajo ndiye kiongozi wa kikosi sasa. Juzi alinipigia simu akiwa ndani ya jengo moja la zamani Iringa. Walitakiwa kufungua mlango kwenye ukuta wa zege, naye alikuwa anajiuliza kuhusu diski. Akanieleza umri wa ukuta, aina ya kokoto, nondo walizozipima, maji yaliyopo. Alikuwa ameeleza vizuri kabisa, hakuacha kitu cha kitaalamu.

"Upande wa pili kuna nini?" nilimuuliza.

Nikasikia anafunua karatasi. "Ramani inasema stoo. Imefungwa, haitumiki."

"Ramani imesema. Wewe umeuliza?"

Alicheka kidogo, halafu akaacha kucheka. Nilimsikia anatembea, viatu vinakanyaga kifusi. Nikasikia anagonga zege kwa nyundo ndogo, mara chache, kwa adabu, kama mtu aliyefika nyumbani kwa wenyewe.

"Hodi!" aliita.

Nikaibana simu kwenye sikio langu zima. Kisha, mbali, kutoka upande wa pili wa ukuta ule, sauti ya mwanamke ikaitikia, "Karibu!"